Wapiga picha Tanga na malipo ya kadi: Hesabu kwanza, mashine baadaye

TANGU Machi 2025, zilipotangazwa Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni, ni marufuku kwa mfanyabiashara wa Tanzania kupanga bei, kuitangaza au kupokea malipo kwa dola ama fedha nyingine ya nje kwa bidhaa na huduma zinazotolewa hapa nchini. Yapo mambo machache yaliyoachwa nje ya katazo hilo, lakini kumpiga picha mtalii si mojawapo.

Kwa wapiga picha wadogo wa Tanga na Pangani, katazo hilo limegusa mfuko moja kwa moja. Mgeni ambaye zamani angemaliza deni lake kwa noti ya dola 50, sasa anatakiwa kulipa kwa shilingi. Wageni wengi wa pwani hii hukaa siku mbili au tatu, hawana laini ya simu iliyosajiliwa nchini, na akiwa ufukweni Ushongo, mahali pa kubadilishia fedha si pa kufika kwa miguu. Alicho nacho mfukoni ni kadi ya benki.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo mpiga picha mwenye studio ya chumba kimoja pale Usagara, jijini Tanga, hana budi kujiuliza: je, achukue mashine ya kupokea malipo ya kadi, au aendelee na fedha taslimu na malipo ya simu kama alivyozoea?

Jibu halifanani kwa kila mtu. Linategemea aina ya wateja alio nao, na hesabu ambayo ni vema ifanywe kabla ya kusaini fomu ya benki, si baada ya makato kuanza kuonekana kwenye taarifa ya akaunti.

Mteja gani anataka kadi?

Wateja wa studio ya kawaida mjini Tanga wanaweza kugawanywa katika makundi manne, na kila kundi lina namna yake ya kulipa.

Kundi la kwanza ni la wale wa picha ndogo za pasipoti: wanafunzi, waombaji wa kazi, wanaotaka pasi ya kusafiria. Hawa hulipa shilingi elfu chache, taslimu au kwa simu, na huondoka na picha zao wakati huohuo. Kadi haina kazi hapa.

Kundi la pili ni la harusi, sendofu, ubarikio na mahafali. Hapa mwenye fedha si bwana harusi peke yake, bali ni kamati. Michango hukusanywa kwa simu, mhazini huitunza, na mpiga picha hulipwa kwa awamu kutoka kwenye simu hiyohiyo. Hata hapa kadi haiongezi kitu, maana fedha zenyewe zimo ndani ya simu tayari.

Kundi la tatu ni la kampuni, taasisi na miradi. Tanga ina bandari, ina viwanda vya saruji, na pale Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilometa 1,443 linalotoka Hoima, Uganda. Ofisi za namna hii zinahitaji picha za mikutano, vitambulisho na ripoti. Lakini hulipa kwa kuingiza fedha benki baada ya kupokea ankara, zikidai risiti ya EFD na kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Wanachotaka hao ni karatasi zilizokamilika. Mashine ya kadi hawaiulizi.

Kundi la nne ndilo lenye swali letu: mgeni anayekwenda Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, kisiwa cha Maziwe au hifadhi ya Saadani, na Mtanzania anayeishi Muscat, London au Toronto anayetaka kulipia picha za harusi ya mdogo wake iliyoko Tanga. Hawa wana kadi, na kwa baadhi yao kadi ndiyo njia pekee iliyo rahisi.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, mpiga picha ajiulize kundi hili la nne ni sehemu gani ya kazi zake. Kama ni mteja mmoja kwa miezi mitatu, mashine itakuwa pambo la mezani. Kama ni wanne au watano kwa mwezi, habari inabadilika.

Bidhaa isiyo na mnunuzi wa pili

Wakati wa kamera za mkanda wa picha 36, wapiga picha walikuwa na desturi moja: arubuni kwanza. Mkanda ulinunuliwa, ukapigwa, ukapelekwa kusafishwa, na gharama zote hizo zilitangulia kabla mteja hajaiona picha yake. Aliyekubali kufanya kazi kwa mali kauli alibaki na bahasha za picha za watu wasiorudi kuzichukua.

Kamera za dijitali ziliondoa gharama ya mkanda, lakini hazikuliondoa tatizo lenyewe. Bado kuna nauli, msaidizi, umeme, kompyuta, karatasi na albamu. Zaidi ya hayo, picha ni bidhaa ya ajabu kidogo sokoni. Mkulima wa Muheza akikataliwa machungwa yake na mnunuzi mmoja, anaweza kumtafuta mwingine kabla hayajaharibika. Albamu ya harusi ya familia moja haina mnunuzi wa pili. Mteja asipoichukua, imekuwa hasara yote.

Kutokana na hali hiyo, njia yoyote ya malipo mpiga picha anayoletewa inatakiwa ipimwe kwa maswali mawili. Je, inaleta fedha kabla kazi haijakabidhiwa? Na fedha hizo zikishafika, zitabaki?

Fedha taslimu inafaulu maswali yote mawili, ila haiwezi kusafiri kutoka Muscat. Malipo ya simu yanafaulu vizuri kwa mteja aliyeko nchini. Kadi inalijibu swali la kwanza vizuri kuliko zote, kwa kuwa mtu aliye mbali anaweza kulipa usiku huohuo. Swali la pili ndilo linalowaponza wengi, nalo tutalirudia.

Kadi ilivyowafikia wadogo

Kadi za kulipia zilianza kujulikana mwaka 1950 kwa kadi ya Diners Club mjini New York, Marekani. Mwaka 1958 Bank of America ilitoa kadi yake huko California, ambayo mwaka 1976 ilipewa jina la Visa. Kwa miaka mingi kadi zilikuwa mali ya hoteli kubwa, mashirika ya ndege na maduka yenye jina. Mfanyabiashara mdogo aliachwa nje, hata katika nchi tajiri, kwa sababu ya gharama za mashine na masharti ya benki.

Mwaka 2009 fundi mmoja wa sanaa za kioo huko Marekani, Jim McKelvey, alikosa kuuza kazi yake kwa sababu hakuwa na namna ya kupokea kadi ya mteja. Yeye na mwenzake Jack Dorsey wakaanzisha kampuni ya Square, iliyotengeneza kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye simu ili hata fundi mmoja aweze kupokea kadi. Tangu hapo, kampuni nyingi duniani zimefuata mkondo huo.

Afrika Mashariki ilipita njia nyingine. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania Aprili 2008. Mitandao mingine ikafuata, na baadaye likaja suala la namba za kulipia bidhaa, maarufu kama lipa namba, ambazo leo zimebandikwa hadi kwenye meza za wauza samaki. Benki Kuu ya Tanzania nayo imeweka mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu, pamoja na alama moja ya kitaifa ya QR, TANQR, ili muuzaji asilazimike kubandika karatasi kumi ukutani.

Kwa hiyo mpiga picha wa Tanga hayuko gizani kama alivyokuwa yule fundi wa kioo. Malipo ya kielektroniki anayo tayari. Kadi inakuja kwake kama nyongeza kwa ajili ya mteja ambaye simu haimfikii, na lazima ipimwe kama nyongeza.

Njia nne za kuipokea

Njia ya kwanza ni mashine ya benki. Kwa kawaida benki itataka namba ya mlipakodi, yaani TIN, leseni ya biashara, kitambulisho cha mhusika na akaunti ya biashara. Anayetumia jina la biashara badala ya jina lake mwenyewe atatakiwa kuonyesha cheti cha usajili kutoka BRELA. Mteja anachomeka au kugusisha kadi, anaweka namba yake ya siri, na mashine inatoa karatasi.

Njia ya pili ni programu inayoigeuza simu yenyewe kuwa mashine, iwapo simu hiyo ina uwezo wa kusoma kadi kwa kugusishwa. Inamwondolea mpiga picha mzigo wa kubeba kifaa cha pili, ila inahitaji simu nzuri na iliyojaa chaji.

Njia ya tatu ni kiungo cha malipo. Kampuni za malipo ya mtandaoni kama Pesapal, DPO na Selcom humsajili mfanyabiashara, kisha humwezesha kumtumia mteja kiungo kwa meseji au barua pepe. Mteja aliyeko Muscat anakifungua, anaandika taarifa za kadi yake huko huko, na fedha zinaingia kwenye akaunti ya mfanyabiashara baada ya makato. Hii ndiyo inayofaa zaidi kwa arubuni ya harusi, maana mlipaji hayupo mbele ya mashine.

Njia ya nne ni ya zamani, na huenda ndiyo nafuu kuliko zote kwa anayeanza: kupitia hoteli. Hoteli nyingi za ufukweni zina mashine tayari. Mpiga picha anaweza kukubaliana na hoteli kwamba gharama ya picha iingizwe kwenye bili ya mgeni, mgeni alipe yote kwa pamoja anapoondoka, na hoteli imkabidhi mpiga picha fedha zake baada ya kukata kamisheni. Makubaliano hayo yawe ya maandishi, yakitaja kamisheni na siku ya malipo. Hoteli inayochelewesha fedha kwa miezi miwili inakuwa imekopa mtaji wa mpiga picha bila riba.

Asilimia 3 si asilimia 3

Makato ya kadi hutofautiana kati ya benki na benki, na hata kati ya kadi ya ndani na kadi ya nje. Kwa ajili ya mfano tu, tuchukulie kwamba makato ni asilimia 3 ya kila malipo, na mashine inakatwa shilingi 30,000 kwa mwezi.

Mpiga picha anakwenda Pangani kupiga picha za wageni kwa shilingi 300,000. Nauli, msaidizi, chakula, kusafisha picha na kuziandaa vinamgharimu shilingi 210,000. Faida yake ni shilingi 90,000.

Mgeni akilipa kwa kadi, makato ya asilimia 3 ni shilingi 9,000. Yanaonekana madogo ukiyalinganisha na shilingi 300,000. Lakini shilingi 9,000 hazitoki kwenye nauli wala kwenye karatasi za picha. Zinatoka kwenye faida ya shilingi 90,000. Kwa maneno mengine, asilimia 3 ya mauzo imekula asilimia 10 ya faida.

Sasa tuongeze ada ya mashine. Mpiga picha huyo akipata kazi moja tu ya kadi kwa mwezi, atakatwa shilingi 9,000 pamoja na 30,000, jumla shilingi 39,000. Katika faida ya shilingi 90,000 anabaki na 51,000. Akipata kazi nne za namna hiyo, faida yake kabla ya makato ni shilingi 360,000. Makato ni shilingi 36,000 na ada 30,000, jumla 66,000. Anabaki na shilingi 294,000.

Yapo mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza ni kwamba ada ya mwezi ndiyo inayomuumiza mwenye kazi chache, na asilimia ndiyo inayomgusa mwenye kazi nyingi. Mwenye kazi chache atafute mpango usio na ada ya mwezi hata kama asilimia yake ni kubwa kidogo. Kiungo cha malipo na njia ya hoteli vinaweza kumfaa zaidi.

La pili ni kwamba makato yalinganishwe na hasara ya kumkosa mteja. Kama mgeni angeondoka bila kupigwa picha kwa kukosa njia ya kulipa, mpiga picha angepoteza shilingi 90,000 zote. Kutoa 9,000 ili kupata 81,000 ni biashara nzuri. Lakini kama mgeni huyohuyo angelipa kwa shilingi taslimu bila shida, basi 9,000 zimetolewa bure.

Ndiyo maana kazi ya kwanza haiko benki, iko kwenye daftari. Kwa miezi miwili, mpiga picha aandike kila mteja aliyeuliza kama anaweza kulipa kwa kadi, na matokeo yake: alilipa kwa njia nyingine, au aliondoka? Walioondoka ndio wanaohesabiwa. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika suala hili hata mteja aliyepotea anahitaji daftari.

Fedha ikifika, je, itabaki?

Turudi kwenye swali la pili. Watu wengi wanadhani kwamba mashine ikishatoa karatasi, malipo yamekwisha. Sivyo.

Kwanza, fedha za kadi kwa kawaida haziingii kwenye akaunti dakika hiyohiyo. Huingia siku ya kazi inayofuata au baada ya hapo. Anayefanya kazi Ijumaa jioni na anahitaji nauli ya Jumamosi asizitegemee.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, mwenye kadi ana haki ya kuyapinga malipo kwenye benki yake. Anaweza kusema hakuyafanya, au alilipia huduma ambayo hakuipata, au alichopewa sicho alichoahidiwa. Kwa taratibu za Visa na Mastercard, mara nyingi muda wa kufanya hivyo unafika siku 120. Benki ya mteja ikimkubalia, fedha huondolewa kwenye akaunti ya mfanyabiashara, na ni juu ya mfanyabiashara kuleta ushahidi.

Miezi minne ni muda mrefu. Arubuni iliyolipwa wakati wa mvua za masika inaweza kupingwa wakati albamu imeshachapwa na fedha zimeshanunua lenzi. Kwa mtu mwenye mtaji wa shilingi laki tano, kuondolewa laki tatu kwa siku moja ni kufunga studio.

Kinga ipo, nayo ni karatasi. Kila kazi iwe na mkataba mfupi wenye tarehe, mahali, idadi ya picha, siku ya kukabidhi na sharti la arubuni: itarudishwa lini na haitarudishwa lini. Mteja akubali kwa sahihi au kwa meseji. Wakati wa kukabidhi, asaini tena au ajibu kwa maandishi kwamba amepokea. Karatasi ya mashine na meseji zote zitunzwe kwa angalau mwaka mmoja.

Vilevile, malipo yaliyofanywa kwa kadi kuwekwa mashineni na namba ya siri yana nguvu zaidi kuliko yale ambayo namba za kadi zimeandikwa mtandaoni. Pale mteja anapokuwepo, atumie mashine. Kiungo kibaki kwa walio mbali, na kiwe cha mfumo unaomtaka mwenye kadi athibitishe kwa namba anayotumiwa na benki yake.

Mteja mkarimu kupita kiasi

Upo wizi mmoja ambao umewapata wapiga picha wa harusi katika nchi nyingi, na kila anayefungua njia ya kupokea kadi kwa mtandao anapaswa kuufahamu.

Mtu anaandika kutoka nje. Anataka mpiga picha kwa ajili ya sherehe ya familia. Habishani bei. Anasema atalipa kwa kadi mara moja, tena atalipa zaidi ya bei, kwa sababu mwenye ukumbi au mpambaji hapokei kadi. Anamwomba mpiga picha achukue kiasi chake, na kilichozidi amtumie mpambaji huyo kwa simu au kwa wakala wa kutuma fedha.

Malipo yanaingia. Mpiga picha anatuma kile kilichozidi. Wiki kadhaa baadaye mwenye kadi halisi, ambaye namba zake ziliibwa, anagundua na kulalamika. Benki inarudisha fedha zote kwa mwenyewe. Mpiga picha anakatwa malipo yote, na kile alichotuma kwa simu hakirudi tena.

Dawa yake ni kanuni moja isiyo na msamaha: mpiga picha asipokee fedha kwa niaba ya mtu mwingine na asimtumie mtu mwingine fedha zilizotoka kwenye kadi ya mteja. Kama malipo yamezidi au kazi imevunjika, fedha zirudishwe kwenye kadi ileile iliyolipa, kupitia mfumo uleule.

Mashine ya kadi na risiti ya TRA

Baadhi ya wafanyabiashara huchanganya mambo mawili. Karatasi inayotoka kwenye mashine ya kadi ni ushahidi wa malipo, lakini si risiti ya kodi. Anayetakiwa kisheria kutumia mashine ya EFD atatoa risiti ya EFD hata kama mteja amelipa kwa kadi.

Wapo pia wanaoiogopa kadi kwa sababu inaacha kumbukumbu ambayo TRA inaweza kuiona. Kumbukumbu hiyo ni kweli ipo, kama ilivyo ya lipa namba. Lakini kodi hudaiwa kwenye mauzo ya taslimu pia, na anayekadiriwa bila kumbukumbu hana cha kujitetea makadirio yanapokuwa makubwa kuliko biashara. Aidha, taarifa ya akaunti inayoonyesha fedha zikiingia kila mwezi ndiyo kitu cha kwanza ambacho ofisa mikopo huulizia. Kwa mpiga picha anayetaka mkopo wa kamera au mashine ya kuchapia picha, kumbukumbu hiyo ni sehemu ya dhamana.

Bei nayo ibandikwe kwa shilingi. Mgeni atakayelipa kwa kadi ya dola au ya euro, benki yake ndiyo itakayobadilisha. Mpiga picha haitaji kujua kiwango cha siku hiyo, na hiyo ni nafuu, maana shilingi ikipanda au ikishuka yeye anapata kiasi alichotaja.

Wakati wa kazi

Siku ya kupokea malipo, mambo machache yanaokoa ugomvi. Mashine iende kwa mteja, kadi isiondolewe machoni pake. Mteja aandike namba ya siri mwenyewe, na mpiga picha ageuke pembeni. Namba za kadi zisiandikwe kwenye daftari wala kupigwa picha kwa simu. Ni hatari kwa mteja, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, utunzaji wa taarifa za watu si jambo la kufanyiwa mzaha.

Mtandao ukikatika katikati ya muamala, kadi isichanjwe mara ya pili papo hapo. Ihakikiwe kwanza kama malipo ya mwanzo yamepita, maana mteja aliyekatwa mara mbili ndiye atakayekwenda kulalamika benki. Na maeneo ya Ushongo au Saadani, ambako mtandao hauaminiki kila mahali, arubuni ilipwe kabla ya safari, si ufukweni jua linapozama.

Namna ya kugawa malipo nayo ina maana. Sehemu inayolipwa kabla ya kazi iwe inatosha kufidia gharama za kutoka mfukoni. Katika mfano wetu, ni shilingi 210,000 kati ya 300,000. Kinachobaki kilipwe kabla picha zilizokamilika hazijakabidhiwa. Hapo, hata mteja akitoweka, mpiga picha amepoteza muda wake lakini hakupoteza mtaji.

Hesabu hii si ya wapiga picha peke yao. Mwenye mashua anayewapeleka wageni kisiwa cha Maziwe, mkulima wa viungo kule Amani anayewatembeza wageni shambani kwake, na mama anayeuza vikapu na vitenge karibu na hoteli, wote wana mteja yuleyule mwenye kadi na asiye na shilingi. Wote wanaweza kuanza na daftari la miezi miwili, na pale inapowezekana, watu watatu au wanne wakubaliane na hoteli moja kwa kamisheni moja badala ya kila mmoja kulipia mashine yake.

Daftari likionyesha kwamba faida ya wateja walioondoka ni kubwa kuliko ada na makato ya mashine, benki ziko mjini na fomu ni za kujaza siku moja. Likionyesha vinginevyo, karatasi ya lipa namba iliyobandikwa mlangoni inatosha, na ile shilingi 30,000 ya kila mwezi itafaa zaidi ikinunua karatasi za picha.